Bahari ilitufungia kisiwani Saint-Malo. Niwazuie watoto pwani msimu mzima?

Asalaam aleikum wana safu,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Tangu Oktoba tunaishi Saint-Malo, Ufaransa, kwa sababu ya kazi ya mume wangu, pamoja na watoto wetu wawili wa miaka 6 na 9. Jumamosi iliyopita maji yalipokupwa tulivuka kwa miguu hadi Grand Bé, kile kisiwa kilicho mbele ya kuta za mji wa kale. Kijitabu changu cha maji kilisema kupwa ni 14 h 50. Jirani alikuwa amenambia kwamba wakati wa kiangazi ni lazima uongeze saa moja, nikaongeza, nikapata 15 h 50. Tuliposhuka kurudi, saa kumi na moja na nusu jioni, njia ya mawe ilikuwa imeshazama. Tulikaa kule juu kwenye upepo mpaka karibu saa sita usiku.

Sasa baba yao amepiga marufuku bahari mpaka shule zifunguliwe Septemba. Mimi naona watoto wanaadhibiwa kwa kosa langu, lakini siwezi kumbishia kwa sababu mwenyewe sijaelewa kilichotokea. Bamvua la kwetu nalijua, hili la huku silijui. Na mwisho wa Julai anakuja mpwa wangu wa miaka 15 aliyekulia Nyali, anaogelea kama samaki, hatashikika nyumbani.

Nina maswali mengine matatu. Navaa hijabu: naweza kuingia baharini na vazi la kunisitiri bila kufukuzwa? Kuokota kome na chaza kwenye miamba, kama wafanyavyo watu hapa, kunaruhusiwa? Na mnawalazaje watoto mahali ambapo jua halitaki kuzama?

Mama Salma, Saint-Malo

*

Waaleikum salaam, Mama Salma.

Ulikosea kwa saa moja tu, na kosa lenyewe linajulikana. Vijitabu vya maji vya Ufaransa viko vya aina mbili. Vingine huchapa saa za mwaka mzima kwa UT+1, yaani saa za majira ya baridi, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba msomaji huongeza saa moja mwenyewe. Vingine vimekwisha kuiongeza, na kurasa za mwanzo huandika «heure légale». Jirani yako kazoea aina ya kwanza, wewe ulishika ya pili. Ukaiongeza saa ambayo ilikuwemo tayari, ukadhani maji bado yanatoka kumbe yalikwisha kugeuka zamani. Anayesahau kuongeza pale inapotakiwa hupata usumbufu tu: hufika mapema, akaikuta njia bado iko chini ya maji, akangoja. Kosa lako ndilo la hatari. Ukiwa na shaka, linganisha saa ya kijitabu na ubao wa walinzi ufuoni au na tovuti ya Shom, taasisi ya serikali inayopiga hesabu za maji kwa nchi nzima.

Kuna na mtego wetu sisi wenyewe. Kijitabu kinaandika 16 h, Mswahili anasoma saa kumi. Mpwa wako akiambiwa arudi «saa nne» anaweza kuwaza four ya Kiingereza cha shuleni. Kuanzia 7 h mpaka 18 h toa 6, baada ya hapo toa 18. Kwenye karatasi ya jokofuni andikeni saa zote mbili, ya Kifaransa na ya Kiswahili, ili pasiwe na ubishi.

Sasa kijitabu chenyewe. PM ni maji kujaa, BM ni maji kupwa, na pembeni kuna namba isiyo na kipimo, kati ya 20 na 120, iitwayo coefficient. Hiyo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Namba 45 ni maji mafu ya kawaida, 70 ni wastani, 95 ni bamvua la kawaida, na ikipita 100 ni bamvua kubwa. Mwezi ni uleule wa Mombasa, na kama kwetu bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku likichelewa siku moja na nusu hivi. Tofauti ni kimo. Mombasa bamvua likipanda mita 3 na nusu watu wanaliona. Saint-Malo coefficient ikipita 100 maji hupanda na kushuka kama mita 12, na hata maji mafu ya huku hufika mita 5. Bahari hii ndiyo inayozungusha mitambo 24 ya umeme kwenye bwawa la mto Rance, hapo jirani, tangu 1966.

Mita 12 hizo hazipandi kwa mwendo mmoja. Kanuni ya mabaharia inagawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa siku ya mita 12 hesabu ni nyepesi, kila fungu ni mita moja. Saa ya kwanza mita moja, na ufuo ni mpana kiasi kwamba macho hayaoni badiliko. Saa ya tatu na ya nne ni mita 3 kila moja, sentimita 5 kwa dakika. Mtoto wa miaka 6 akisimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, dakika kumi baadaye yamempita magoti na kukaribia kiuno, na hajasogea. Saint-Malo tena maji hujaa kwa muda mfupi kuliko yanavyokupwa, kwa hiyo kanuni hii ichukulie kuwa ya huruma. Bahari yenyewe ina haraka zaidi. Wewe uliteremka saa 2 na dakika 40 baada ya kupwa, katikati kabisa ya mbio hizo.

Kwa Grand Bé, na kwa kila mwamba unaofikiwa kwa miguu, fuateni hivi. Vukeni maji yakiwa bado yanatoka. Saa ya kupwa iliyoandikwa kijitabuni ndiyo saa ya kugeuka kurudi, hata kama watoto wanalia. Msihesabu «saa mbili kabla na saa mbili baada»: muda wa njia kuwa wazi hubadilika na coefficient, na upepo wa baharini au hali mbaya ya hewa huinua maji juu ya hesabu ya kijitabu. Mkikwama tena, fanyeni kama mlivyofanya: kaeni juu, msijaribu kuvuka hata kama maji yanaonekana ya magotini, kwa sababu mkondo hukatiza njia kwa ubavu na mawe yana utelezi wa mwani. Mtu akiumia, au akiwa majini, namba ya uokoaji baharini ni 196, bure, na 112 nayo inafanya kazi. Mkobani muwe na sweta kwa kila mtoto, maji ya kunywa na simu yenye chaji. Saa sita na nusu kwenye upepo bila sweta ndizo zilizomtia baba watoto hasira, na hapo ana haki yake.

Lakini kuzuia bahari miezi miwili katika mji huu ni kuwafungia watoto ndani, maana hakuna pengine pa kwenda Agosti. Afadhali mpange siku kwa kijitabu. Saint-Malo ina tabia moja ya kufaa: siku za bamvua maji hujaa asubuhi na jioni, kati ya saa moja na saa tatu hivi, na hukupwa alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume, maji yako juu mchana. Basi wiki ya maji mafu ndiyo ya kuogelea ufuo mkubwa wa Sillon, bahari iko karibu na haikimbii. Wiki ya bamvua, mchana ni wa ndoo, kaa na madimbwi, na ikifika saa kumi alasiri mnarudi juu na mikeka yenu. Jioni ya bamvua msitandike kitu chini ya ukuta wa Sillon, kwa sababu mchanga wote hutoweka na mawimbi hupiga ukuta. Zile nguzo za mwaloni zilizopangwa mbele ya ukuta maji yakijaa vichwa vyake huwa karibu na uso wa maji. Mpwa wako ajue zilipo kabla hajaruka.

Kwa wale wadogo wawili, mahali pao ni bwawa la Bon-Secours, chini ya kuta za mji wa kale. Ni ukuta uliojengwa ufuoni miaka ya 1930. Maji yakijaa bahari hulifunika, yakikupwa hubaki humo kama beseni. Halina lango wala tiketi. Hapo mtoto huogelea saa ambazo bahari iko mbali, bila mkondo. Tokeni maji yanapoanza kuupanda ukuta, na jukwaa la kurukia litumike baada ya kumuuliza mlinzi kina cha siku hiyo.

Tuje kwa huyo samaki wa Nyali. Ujuzi wake ni wa maji ya nyuzi 27. Hapa Julai na Agosti ni 17 hadi 19. Anayejirusha kwa ghafla hushikwa na pumzi, anavuta hewa bila kutaka, na kama kichwa kiko chini anavuta maji. Aingie kwa miguu, ajimwagie shingoni na kifuani, asubiri pumzi itulie dakika moja au mbili, ndipo aogelee, tena sambamba na ufuo, asielekee nje. Suti ya mpira ya unene wa milimita 3 kifuani na 2 mikononi na miguuni inampa saa nzima. Bila suti dakika 20 zinamtosha, na watoto wako 10 hadi 15. Huku huambiwa «midomo ikigeuka buluu, toka». Kwa ngozi yetu dalili hiyo hufichika: geuza mdomo utazame ndani, tazama kucha na viganja. Mtoto aliyekuwa akitetemeka akaacha kutetemeka huku akiwa mzito wa kusema, huyo amepoa kupita kiasi, hajazoea maji. Mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike, umpe kitu cha moto akiwa anaweza kumeza, na upige 15, namba ya dharura za matibabu, au 112.

Mpwa ajue pia upepo. Nyumbani kusi humrudisha mtu ufuoni. Hapa ufuo umetazama kaskazini, na upepo wa kusini humsukuma nje, polepole, juu ya bahari inayoonekana tulivu kama mafuta. Boya la plastiki lenye umbo la bata ndilo linalochukua watoto siku kama hizo. Walinzi wakipandisha kile kifuko cha rangi ya chungwa kinachojaa upepo, vya kujaza hewa vyote vibaki nyumbani. Ogeleeni kati ya bendera mbili zenye nyekundu juu na njano chini. Bendera ya kijani ni kuoga salama, njano ni tahadhari, nyekundu hakuna kuoga. Zambarau ina maana ya uchafu au kiumbe hatari majini, na mara nyingi huja baada ya mvua kubwa. Bendera hizi zilibadilishwa 2022, kwa hiyo picha za zamani mtandaoni zisikuchanganye.

Kuna kitu kimoja ambacho wageni hawaambiwi: vive, samaki mdogo anayejifukia mchangani kwenye maji ya kina kifupi, na mwiba wake wa mgongoni una sumu. Akikanyagwa, maumivu hupanda mguu mzima, mtoto anapiga kelele na wewe huoni kitu zaidi ya tundu dogo. Sumu yake huharibika kwa joto. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kiasi anachovumilia, yasizidi nyuzi 45 (yajaribu kwanza kwa mkono wako), nusu saa au zaidi, huku ukiongeza ya moto. Ndiyo maana wenyeji wana chupa ya chai isiyo na chai. Barafu usiweke. Viatu vya mpira vya majini vingeizuia habari yote hiyo.

Kuhusu vazi lako: baharini huna haja ya kuomba ruhusa. Tarehe 26 Agosti 2016 Conseil d'État, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, ilisimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet, ikisema meya hawezi kulikataza vazi hilo bila kuwapo hatari iliyothibitika kwa utulivu wa umma. Utatazamwa, hilo usilitarajie kwisha. Mabwawa ya manispaa ni habari nyingine: kila bwawa lina kanuni zake za usafi, mengi hutaka vazi fupi la kubana, na Juni 2022 mahakama hiyohiyo ilikataa kanuni ya Grenoble iliyokuwa imelegeza sharti kwa ajili ya vazi la kusitiri. Huko hata baba watoto na kaptula yake pana atarudishwa mlangoni. Soma bango kabla ya kununua tiketi.

Kome na chaza: inaruhusiwa, kwa kula wenyewe tu, si kuuza. Kome asipungue sentimita 4, chaza wa ganda lenye kina (huître creuse) sentimita 5. Ofisi za watalii huwa na rula ndogo yenye vipimo, na idadi ya mwisho kwa mtu imeandikwa kwenye mabango ya ufuoni. Jiwe ulilogeuza ulirudishe lilivyokuwa, upande wa mwani juu, la sivyo kila kilicho chini yake hufa. Msiokote karibu na bandari, mdomo wa mfereji wala siku za baada ya mvua kubwa. Na kuna konokono mkubwa mwenye ganda la umbo la sikio, ormeau: kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti haguswi kabisa, na faini yake si ya mchezo. Kusema kweli, kwa kome hatuoni haja ya kusumbuka na miamba. Wale wanaofugwa kwenye nguzo katika ghuba ya Mont-Saint-Michel huanza kuuzwa Julai, ni wadogo, wamejaa nyama na ni safi. Nunua kilo moja kwa mtu mzima, tupa waliovunjika na waliofunuka wasiojifunga ukiwagonga, wapike kwa tui la nazi na pilipili dakika tano, na wasiofunuka usiwalazimishe.

Usingizi ni suala la madirisha. Mwisho wa Juni jua la Saint-Malo huzama saa nne na robo usiku na kurudi saa kumi na mbili asubuhi. Funga zile mbao za nje za dirisha, volets, saa mbili na nusu, watoto wakiwa bado wanakula, na si wakati wa kuwalaza. Wakiingia chumbani wakute usiku umekwisha kufika. Hilo latosha.

Hukuuliza kuhusu Isha, ila mwenye kuuliza habari za jua hizo atafika huko. Ratiba hugongana kwa sababu ya nyuzi za jua chini ya upeo. Kwa nyuzi 12, Isha ya siku ndefu kuliko zote hapa huingia karibu saa sita usiku. Kwa nyuzi 15, ni saa sita na dakika kama 38. Kwa nyuzi 18 haiingii kabisa siku hizo, kwa kuwa jua la Saint-Malo halishuki kiasi hicho, na programu ya simu hujaza pengo kwa kubuni. Ulizeni msikiti mnaoswali unatumia ngapi, chukueni ratiba hiyo moja kwa msimu wote, na muibandike jokofuni kando ya karatasi ya maji.